Nani Ageuzaye Desturi?



Katika darasa letu la baada ya Maghrib hapa Madogo, kijana mmoja aliniuliza suala nisiloweza kulijibu papo hapo. Nikamwomba aningoje mpaka juma la pili. Na juma la pili likafika nami bado sina jawabu. Alisema: "Sheikh, kila siku mwatuambia tushike desturi njema na tuache mbaya. Lakini mtu aliyelelewa na desturi ataujuaje ubaya wake, ilhali macho anayotazamia amepewa na desturi hiyo hiyo?" Wenzake walicheka, wakidhani kwamba ataka kumshinda mwalimu wake. Mimi sikucheka, kwani suala lile lilinigusa mahala ambapo yeye hapajui, na nitapataja kabla sijamaliza.

Nyinyi wa pwani mwaujua mto wetu wa Tana kwa mdomo wake, pale Kipini. Lakini mdomo ule si wa asili. Zamani mto huu ukiingia baharini upande wa kusini zaidi, katika ghuba ya Ungwana, na pale Kipini palikuwa na mto mwingine mdogo uitwao Ozi. Katika karne ya 19 watu walichimba kwa mikono mfereji wa Belezoni, uunganishe Tana na Ozi, ili mitumbwi yenye shehena ipite ndani kwa ndani pasina kutoka katika mawimbi ya bahari. Ulikuwa mfereji wa mitumbwi tu. Yakaja mafuriko, na mengine baada yake, maji yakaona njia iliyo fupi, yakaupanua, hata mto mzima ukahamia humo. Aliyeshika jembe siku ile hakukusudia kuhamisha mto. Wala mto haungalihama lau si jembe lake.

Nadhani desturi nazo huhama hivyo. Twapenda kusema "zamani watu walikuwa hivi, sasa wamekuwa hivi", kama kwamba kulikuwa na siku ambayo watu wote waliamka wakaamua. Haikupata kuwa. Mtu mmoja huchimba mfereji mdogo kwa haja yake, kisha hupita gharika asiyoitazamia: vita, njaa, serikali mpya, barabara, shule. Hapo ndipo watu huona kuwa maji yanapita kwingine.

Tazameni mfano ulio karibu nanyi zaidi. Habib Swaleh bin Alawi Jamalillayl alipohamia Lamu kutoka Ngazija katika karne ya 19, ilimu ya dini katika mji ule ilikuwa, aghlabu, mali ya nyumba chache kubwa. Yeye akawasomesha watoto wa watumwa na wageni na mafakiri, akakaa nao na kula nao, na akaingiza matari katika kusoma Maulidi. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukizwa sana, wakasema huyu anaharibu ada za watu. Mwanzo wa karne ya 20 ukasimama msikiti wake wa Riyadha, nje ya mitaa ya wenye mji. Alifariki mwaka 1935. Leo watu hutoka Tanzania, Uganda na hata Arabuni kuja katika Maulidi ya Lamu, na ukimwuliza mmoja wao sababu ya kuja, atakwambia kuwa ni desturi ya wazee. (Wapo katika halaka yetu wasiopenda matari, nami si mpenzi wake, lakini hilo si neno la leo.)

Ninalotaka mlione ni hili. Wakubwa wale hawakuwa watu wajinga. Walikuwa wakisali, wakisoma, wakitoa sadaka. Lakini kwamba mtoto wa mtumwa hana haja ya kitabu, hilo kwao lilikuwa dhahiri kama mchana. Na leo hapana mtu Lamu awezaye kulisema hadharani bila ya kuona haya. Je, walishindwa kwa hoja? Mimi sidhani. Walifariki mmoja mmoja, na wajukuu wao wakakaa katika safu moja na wajukuu wa wale waliofukuzwa.

Kwetu huku mtoni mageuzi yamekuwa makubwa kuliko hayo. Wapokomo walikuwa na ngoma yao ya ngadji, ambayo sauti yake ilisikiwa na wote lakini haikuonwa ila na wazee wa baraza. Na kwa khofu ya sauti ile watu wakitii hukumu. Wakoloni waliichukua, na tangu mwaka 1908 iko katika jumba la makumbusho la Uingereza, London. Wapokomo wa juu wakaingia katika Uislamu katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Wa chini wengi wao wakafuata wamishonari wa Ngao. Waorma, ambao hawakuwa Waislamu, leo hawajui kujitaja ila kwa Uislamu. Lugha ya Wamalakote, iliyo ya Kibantu, imechukua mengi kutoka kwa Waorma, hata namna ya kutaja nyakati katika vitenzi. Na mahadhi ya wimbo wa taifa wa Kenya, tunayosimama kwa ajili yake tangu 1963, ni ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Basi mtu wa mtoni akikwambia "sisi hatubadiliki", mtazame tu.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Mafakihi wetu wa Kishafii wana kanuni tano kubwa, ambazo Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, amezikusanya na kuzisherehesha. Moja katika hizo ni kwamba ada hufanywa hakimu, yaani pale ambapo sharia haikuweka kipimo, hutazamwa watu wamezoea nini: katika mahari, katika ujira, katika maana ya maneno ya kiapo. Imam Shafii mwenyewe alipohama Iraki akenda Misri, karibu na mwaka 199 wa hijria, aligeuza rai zake nyingi, hata tukawa na kauli ya zamani na kauli mpya. Wengine husema ni kwa sababu ada za Misri zilikuwa mbali na za Iraki, wengine husema ni kwa dalili mpya alizozipata. Vyovyote iwavyo, Imamu hakuona aibu kusema leo kinyume cha jana. Sisi tulio chini yake mno twaona aibu.

Lakini katika tano hizo hizo mna kanuni nyingine, kwamba madhara huondolewa. Basi itakuwaje ada ikiwa yenyewe ndiyo madhara? Hapa ndipo jawabu la suala la kijana linapoanzia. Yeye adhani kuwa desturi imewapa watu wote jicho moja. Sivyo. Desturi moja humkalia mmoja kama kanzu na humkalia mwingine kama gunia la chumvi. Mkubwa wa Lamu hakuweza kuona ubaya wa ada ile, kwani haikumwumiza mahala. Mtoto aliyesimama nje ya dirisha la madrasa aliuona, na hakuhitaji kusoma falsafa ili auone. Anayetaka kujua ubaya wa desturi yake asijitazame mwenyewe; akamwulize yule inayemlemea, kisha anyamaze asikilize.

Nasema hayo kwa kuwa mimi sikuuliza.

Huku kwetu, kama mjuavyo, wasichana hutahiriwa, na kwa wengi ile iitwayo ya firauni, ya kukata na kushona. Binti yangu wa kwanza alizaliwa mwaka 2002. Alipokuwa na miaka saba nilikuwa safarini katika kutafuta ilimu, na kabla sijaondoka nilijua litakalofanywa. Nilijua siku, nilimjua ngariba. Sikusema neno. Nilijiambia kuwa hayo ni mambo ya wanawake, na kwamba mama yangu ayajua zaidi. Na nilikuwa nimesoma! Nilijua kuwa Mashafii katika kauli yao mashuhuri wameiwajibisha tohara kwa mwanamke, na nikajificha nyuma ya kauli hiyo, ilhali najua vilevile kuwa wanachokitaja vitabuni ni kitu kidogo mno, na kwamba kushona hakumo katika kitabu chochote cha madhehebu yetu. Nilichukua jina la kitabu nikalivika kitendo cha Firauni.

Mwaka 2023 binti huyo alijifungua mtoto wake wa kwanza, baada ya siku mbili za taabu ambazo sitazieleza katika karatasi hii. Nilipokwenda kumzuru aliniuliza neno moja tu: "Baba, ulikuwa unajua?" Nikamwambia, naam, nilikuwa najua. Hakuniuliza jingine.

Baada ya hapo nilisoma upya. Mwezi wa Novemba 2006 maulamaa walikutana Cairo, katika Al-Azhar, pamoja na madaktari, wakatoa tamko kuwa jambo hili halina asili katika Qurani wala katika hadithi sahihi, na kwamba madhara yake yamethibiti, kwa hivyo liachwe. Wapo maulamaa wasiokubali tamko hilo kwa ukamilifu wake, na wao ni watu wa ilimu, siwatukani. Mimi nimesimama na wale wasemao liachwe lote, firauni na hiki kinachoitwa "sunna". Kwani nimeona huku watu wakigeuza jina na kisu kikabaki kile kile.

Mtasema: kuna sharia ya serikali. Kweli, tangu 2011 afanyaye jambo hili hukhofiwa kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000. Na katika Kenya nzima jambo limepungua: katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 1998, wanawake 38 katika kila 100 walikuwa wametahiriwa, katika ule wa 2022 walikuwa 15. Lakini katika sehemu zetu sharia imelitoa jambo mchana ikalitia usiku. Sababu ni nyepesi kuieleza. Baba mmoja akimwacha binti yake peke yake, akhofu kuwa hataolewa, na mama zake watasema hakutakaswa. Kila mmoja angojea mwenziwe aanze. Nimezungumza na wazee ambao kila mmoja, tukiwa faraghani, hulichukia jambo hili, na kila mmoja adhani kuwa ni yeye pekee.

Hapa nimefaidika na khabari ya China. Kwa karne nyingi watu wa huko walikuwa wakiwafunga watoto wao wa kike miguu ili isikue, na hapana aliyeweza kuacha peke yake, kwa khofu hii hii ya ndoa. Katika miaka ya 1890 zikaundwa jumuia ambazo wazazi waliwekeana humo ahadi mbili kwa pamoja: hawatawafunga binti zao, wala hawatawaoza wana wao kwa waliofungwa. Ile ahadi ya pili ndiyo iliyokuwa mfereji. Ada iliyodumu karne nyingi ikaporomoka katika umri wa mtu mmoja.

Sisi hatuwezi kuichukua ahadi ile kama ilivyo, kwani itawadhulumu binti zetu waliokwisha kufanyiwa, na hao hawana dhambi. Kwa hivyo tumeigeuza. Baba huahidi kuwa binti zake waliobaki hawataguswa, na kwamba wana wake wa kiume hawatamkataa mke, wala yeye hatamsema, kwa sababu ya kutotahiriwa. Nilisimama baada ya sala nikasoma maneno hayo, nikaeleza lililonipata mimi, kisha nikaandika jina langu. Wakaandika wanaume kumi na mmoja. Mmoja alirudi siku ya pili akafuta lake, akasema kuwa mama yake hakuridhika. Nikamwambia mama yangu naye hajaridhika. Hilo ni kweli, na ni zito kwangu, kwani yeye alilifanya kwa mapenzi, na alifanyiwa kwa mapenzi, na nikimwambia kuwa lilikuwa kosa huwa kama namwambia kuwa umri wake wote ulikuwa kosa. Sijapata bado maneno ya kumwambia. Yule kijana wa suala aliandika jina lake, ingawa hajaoa.

Wapo miongoni mwenu wasomaji wenye jamaa na wakwe huku juu, Hola, Bura, Garissa na hapa Madogo. Mkija kuposa, semeni wazi mbele ya wazee kuwa hilo kwenu si sharti. Neno hilo likitoka kwa mposaji lina nguvu kuliko khutba zangu. Na atakaye kuandika jina lake, daftari liko kwangu kila Ijumaa baada ya sala.