Je, Mtu Anaweza Kuaminiwa Tena?



Jumatano moja, kiisha maombi ya jioni, mama mmoja wa kanisa letu alisimama kutoa ushuhuda. Maneno yake yalikuwa mafupi: "Mungu namwamini. Lakini mtu, basi, nimemaliza." Watu wengi walijibu Amina, na mimi pamoja nao. Sisi wote tulijua sababu yake. Wamama kumi na wawili walikuwa wakichanga pesa kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anapokea. Zamu yake ilipofika, yule mwenye kushika pesa akamwambia ya kwamba hakuna kitu. Na pesa ile ilikuwa ya kulipia masomo ya watoto watatu.

Usiku nyumbani ile Amina yangu ilinisumbua. Niliona nimeitoa upesi sana. Je, inawezekana kweli kumwamini Mungu na kumaliza kabisa na mtu? Na kama imani kwa mtu imekufa, inarudi kwa njia gani? Mimi si mtu wa masomo makubwa. Nina diploma ya Leta tu, na filozofia nilifundishwa kidogo katika mwaka wa sita, mwalimu akiwa hajalipwa. Lakini swali hili nimelibeba tangu utoto wangu, na leo nataka kulitua mbele yenu.

Mimi ni mtoto wa Likasi. Wazee wanajua historia ya miji yetu hii. Union Minière ilianzishwa katika mwaka wa 1906, na kiisha ilikwenda kutafuta watu wa kazi mbali, hata Kasai. Katika mwaka wa 1928 njia ya treni iliunganisha Katanga na Ilebo, na watu wa Kasai wakazidi kuja. Walizaa hapa, wakazika wafu wao hapa. Watoto wa watoto wao walisema Kiswahili kama sisi, na wengi hawakujua Kasai hata kwa macho.

Jirani yetu alikuwa mmoja wao. Yeye na baba yangu walifanya kazi katika atelie moja. Mke wake alikuwa na mashini ya kushona, Singer ya miguu, nayo ndiyo iliyoshona nguo zangu za masomo tangu mwaka wa kwanza. Wakati mama yangu alipokuwa mgonjwa, sisi watoto tulikula bukari kwake karibu mwezi mzima. Sijui kama alihesabu sahani.

Mwezi wa nane mwaka wa 1992 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kule Kinshasa Konferansi ya Taifa ilikuwa imechagua Waziri wa Kwanza mpya, mwenye asili ya Kasai, na yule aliyetoka alikuwa mtu wa kwetu, Shaba kama tulivyoiita wakati ule. Habari ya mbali, mtu angesema. Lakini wanasiasa walikuwa wamekwisha kupanda mbegu tangu siku nyingi, ya kwamba umaskini wetu umeletwa na jirani. Na njaa ilikuwako kweli: migodi ilikuwa inakufa, pesa ya Zaire ilipoteza bei toka asubuhi mpaka jioni. Watu walianza kuitwa "bilulu", ndiyo kusema wadudu. Niliimba wimbo huo wa bilulu pamoja na watoto wengine njiani, nikirudi kuteka maji. Siwezi kuandika habari hii na kuficha jambo hilo.

Halafu vijana wakaja usiku katika avenyu yetu, wakipiga milango. Aliyekuwa mbele yao alikuwa yule kijana aliyetufundisha sisi watoto kuimba katika kikundi. Sauti ile ile. Nilimtambua gizani kwa sauti. Baba yangu alisimama nyuma ya mlango wetu, mkono juu ya komeo, na hakufungua. Asubuhi nyumba ya jirani ilikuwa wazi, madirisha yametolewa, na wao wenyewe walikuwa wamekimbilia gare.

Wale walioona gare ya Likasi katika miezi ile hawana haja ya kuelezwa. Maelfu ya watu walilala chini, katika mvua, kungoja treni ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Walingoja majuma, na wengine miezi. Wengi walikufa pale, na wengine njiani, zaidi watoto wadogo. Katika mwezi wa tatu wa 1993 mambo yale yale yakafika Kolwezi.

Na pale gare kulikuwa soko. Watu waliuza vitu vyao ili wapate chakula cha safari, na sisi tuliobaki tulinunua. Mama jirani alituma neno kwa baba. Alikuwa ameokoa mashini yake, lakini hakuweza kuipandisha katika treni. Baba alitoa ndoo moja ya unga na chupa mbili za mafuta. Mimi ndimi niliyeisukuma mashini mpaka nyumbani, imefungwa juu ya kinga ya baba, na nilikuwa na furaha kwa sababu tulikuwa tumepata mashini.

Nilipofika miaka kumi na saba hivi ndipo nilianza kufikiri juu ya bei ile. Mashini ya kulisha nyumba nzima miaka yote, kwa ndoo moja ya unga! Na baba yangu alikuwa mtu mwema, kila mtu alisema hivyo. Hakuiba kitu wala kupiga mtu. Basi niliwaza hivi: kama mtu mwema ni huyu, wabaya ni nini? Kutoka siku ile mtu alikufa moyoni mwangu. Nilikuwa naomba, nilikuwa nafunga, lakini mtu hapana. Nilipopata kazi sikukopesha mtu franka moja. Rafiki akinisaidia, nilitafuta faida yake iko wapi. Watu waliniona mtu wa akili, tena wakanifanya mtunza hesabu wa kikundi, kwa sababu sikumwamini mtu yeyote.

Maandiko yalionekana kunisaidia. Nabii Yeremia anaonya sana yule anayemweka mwanadamu kuwa nguvu yake. Na mtunga Zaburi ya 116 anakiri ya kwamba aliwaita watu wote waongo. Nilipenda sana mstari huo. Ilichukua miaka mingi mpaka niliposoma vizuri na kuona ya kwamba anasema alitamka hivyo katika haraka yake, katika wakati wa kufazaika. Mimi nilichukua neno la mtu mwenye kufazaika nikalifanya amri ya maisha.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitia katika hesabu yangu. Katika avenyu yetu mama mmoja, mwuza makala, mtu wa hapa hapa, alificha mjane mzee wa Kasai nyumbani mwake. Alimvalisha kikwembe chake, akamlaza katika kitanda chake, na vijana walipokuja akasema huyu ni mama yangu mzazi, mgonjwa, mkitaka kumtoa mtaniua mimi mbele. Wakapita. Nilijua habari hii tangu utoto, kwa sababu mama yangu ndiye aliyepeleka uji pale kila usiku kwa siri. Mama yangu mwenyewe! Lakini kila nilipohesabu mwanadamu, nilimtia yule kijana mwimbishaji, nikatia ndoo ya unga, na mwuza makala nikamwacha nje. Nilisema yeye ni mmoja tu.

Ni nani aliyenipa ruhusa ya kuhesabu hivyo? Kumi wakifanya ubaya nasema, tazama mwanadamu. Mmoja akifanya wema nasema, huyu si kama watu. Kwa mizani ya namna hiyo hata malaika hawapiti.

Tena nimefahamu neno hili, ambalo naomba mlipime ninyi wenyewe. Ubaya wa siku zile ulihitaji makelele. Ulipita mchana na nyimbo, ulitaka kuonekana, kwa sababu watu walipoona wengi wanafanya, nao walifanya. Lakini wema ulihitaji giza. Kama wema wa mwuza makala ungeonekana, ungekufa palepale pamoja na yule mjane. Kwa hiyo macho yetu si mashahidi wa haki. Katika kila siku mbaya tunaona karibu ubaya wote, na wema tunaona ule tu ulioponyoka kujulikana. Nabii Eliya naye alihesabu kwa macho, akasema nimebaki peke yangu, na Mungu akamwambia habari ya watu elfu saba. Eliya alikuwa nabii, na hesabu yake ilikosea kwa elfu saba.

Hapa mtu anaweza kuniuliza: Shemasi, unataka tuwaamini watu wote kama watoto wadogo? Hapana. Injili ya Yohana inasema wazi ya kwamba Yesu hakujiweka mikononi mwa watu, kwa sababu alijua yaliyo ndani yao. Alijua, na hata hivyo alikula nao meza moja usiku wa mwisho, na msaliti akiwamo. Kuamini mtu si kusema ya kwamba hana ubaya. Naona kunafanana zaidi na kukopesha: unajua inaweza kupotea, unatoa bado. Lakini mwenye kupoteza mara moja hatuna haki ya kumsukuma akopeshe tena kesho. Ndiyo maana sitamwambia yule mama wa ushuhuda arudishe imani yake. Mtu aliyeibiwa kuambiwa "amini tena" ni kuongezewa kazi juu ya hasara.

Sasa niwaambie namna gani yangu ilirudi, na haikurudi kwa mafikiri haya. Mafikiri yalikuja nyuma.

Katika mwaka wa 2008 mwanamke mmoja aliingia katika lupango letu na mzigo mdogo. Wengi wa wale waliofukuzwa walikuwa wamekwisha kurudi polepole, na yeye alikuwa binti wa jirani. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa. Mashini ilikuwa palepale barazani, bibi yangu akishona. Binti aliitazama, akaisogelea, akapitisha kidole pembeni pa meza yake, mahali alipokuwa amechora kitu kwa msumari wakati wa utoto. Nilitaka ardhi inimeze.

Nikamwuliza habari za mama. Alisema alikufa Mwene-Ditu, na mdogo wake wa mwisho alikufa katika treni, mbele ya Kamina. Nikamwomba radhi juu ya bei. Alinyamaza, kiisha akasema: "Yaya, mama hakusahau ile ndoo mpaka kufa kwake. Alisema ilikuwa wizi. Lakini alisema tena, ndiyo tuliyokula mpaka kufika." Hakusema si neno. Namshukuru Mungu kwamba hakusema si neno, kwa sababu nisingemsadiki.

Mashini aliichukua. Tuliita mwenye puspus, akaifunga kwa kamba, akaenda nayo. Bibi yangu alilia siku mbili, na sikuwa na la kumjibu, maana ilikuwa kazi yake.

Nilifikiri sitamwona tena. Kiisha majuma matatu alirudi, ameshika mkono wa mtoto wake wa kike, wa miaka mitano hivi. Alitaka kwenda Lubumbashi kununua vitambaa, siku tatu, na hakuwa na mtu mwingine katika mji. Akasema, "Yaya, atabaki hapa kwenu." Akampa bibi yangu nguo za mtoto katika saketi, akaondoka, bila kugeuka nyuma.

Wandugu, usiku ule sikulala vizuri. Nilitoka mara nyingi na taa kutazama kama mtoto anapumua. Nilifikiri: huyu mama anajua nyumba hii ni ya nani. Anajua mlango huu haukufunguliwa usiku ule. Kumbe miaka yote nilikuwa naketi mahali pa mwenye kudai, nikilia ya kwamba watu wamenidanganya, wakati kiti changu kilikuwa kile cha mwenye deni. Na mwenye kudai wa kweli amekuja mwenyewe kunikopesha mara ya pili, kitu kilicho zaidi kupita mashini.

Mtoto yule leo ni mwanamke mzima, naye anashona. Bibi yangu ndiye aliyemfundisha kutia uzi, juu ya mashini ile ile, kwa maana alianza kwenda kushonea kule kwao na wanagawana faida. Wanagombana juu ya mafuta ya mashini kila juma.

Kwa yule mama wa ushuhuda, nimemwambia ya kwamba ile Amina yangu naiondoa, na yeye alicheka kidogo. Lakini kicheko hakilipi masomo. Jumamosi hii wazee wawili pamoja nami tutakwenda kwa yule aliyeshika pesa, bila makelele, tuketi naye. Tumesikia ya kwamba mume wake alilazwa hospitalini mwezi ule ule, na labda ndiko pesa ilikokwenda, labda hapana. Tutauliza. Mwenye kuweza kutoa kitu kwa ajili ya wale watoto watatu, wakati tunangoja, anione kiisha ibada.