Shamba la Nabothi

Watu wawili wakigombana, sisi huuliza: nani aliyeanza? Yakobo, katika sura ya 4 ya waraka wake, haulizi aliyeanza, auliza kilichoanza. Na jibu lake halitupeleki kwa jirani, latupeleka mioyoni mwetu. Neno alilolitumia kwa Kiyunani, hedone, asili yake ni raha. Nasi twalifasiri tamaa.

Mfano wake umo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu hakuwa na njaa. Alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, lililopakana na kasri lake, alifanye bustani ya mboga. Akaahidi shamba lililo bora zaidi, au fedha. Nabothi akakataa, kwani ni urithi wa baba zake. Ahabu akajilaza kitandani, akageuza uso, akasusa chakula. Malkia Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, mashahidi wa uongo wakasimama, na Nabothi akapigwa mawe.

Kutaka hakukuwa kosa, wala kuomba kununua si dhambi. Kosa lilizaliwa pale kitandani, Ahabu alipoihesabu hamu yake kuwa haki, na jirani yake kuwa kizuizi.

Nami nilinuniana na ndugu yangu miaka mingi kwa mnazi mmoja wa mpakani, na nazi nilikuwa nazo tele. Nilipokwenda kumtaka radhi, mnazi wenyewe ulikuwa umekwisha kuanguka zamani. Ndipo nilipotambua kuwa kitanda cha Ahabu nimekilalia na mimi.