Ndiyo Inayotolewa Kabla ya Kung'oa Nanga

Je, mume ana haki ya kuuza alicho nacho, kununua mashua ya tanga, na kuwapandisha mke na watoto humo ili wasafiri baharini kutoka kisiwa hata kisiwa? Wasomaji wengi watacheka na kusema hayo ni mambo ya Wazungu. Msicheke upesi. Kila nyumba ina mashua yake. Kwa mmoja ni shamba la urithi analotaka kuliuza ili afungue duka mjini. Kwa mwingine ni kuihamisha familia mpaka nchi ya mbali. Lakini tuitazame mashua yenyewe, kwa maana baharini mambo ya ndoa huonekana wazi kuliko nchi kavu.

Dougal Robertson alikuwa mkulima huko Uingereza, na zamani alikuwa baharia. Mkewe, Lyn, alikuwa muuguzi. Akiba yao ya maisha waliitia katika mashua ya mbao iliyoitwa Lucette, yenye urefu wa mita 13, iliyoundwa mwaka 1922. Tarehe 27 Januari 1971 waliondoka Falmouth pamoja na watoto wao wanne: Anne, Douglas, na mapacha Neil na Sandy. Walivuka Bahari ya Atlantiki, wakatembelea visiwa vya Karibi. Kule Bahamas Anne aliteremka, hakuendelea na safari. Wenzake walishika njia ya Panama, wakamchukua kijana mmoja wa kuwasaidia, wakafika visiwa vya Galapagos katika Bahari ya Pasifiki.

Walipokwisha kuviacha visiwa hivyo, tarehe 15 Juni 1972, nyangumi wauaji waliigonga mashua ikatoboka, na kwa dakika chache ikazama. Watu sita walirukia chelezo cha mpira na kidau kidogo. Baada ya wiki mbili na siku chache chelezo kikaharibika, wote wakasongamana katika kile kidau chenye urefu wa mita 3 tu. Walikunywa maji ya mvua, wakala nyama ya kasa na samaki. Siku ya 38 meli ya wavuvi Wajapani iliwaona ikawaokoa. Hakufa hata mmoja.

Mwisho huo mwema usitudanganye. Kwa kuwa walipona, twamsifu baba kwa ushujaa. Wangalikufa, tungalimwita mpumbavu. Lakini uamuzi ulikuwa ule ule siku ile ya Falmouth. Uamuzi wapaswa kupimwa siku unapofanywa, kwa yale yanayojulikana siku hiyo, wala si kwa bahati iliyokuja baadaye.

Basi tuupime kwa nini? Kwa hatari peke yake? Mvuvi wa Lamu humpeleka mwanawe baharini amfundishe kazi, nasi hatumlaumu. Kila Desemba twawapakia watoto wetu katika magari kwenda kwa babu na nyanya, nasi twajua barabara zetu zilivyo. Hakuna mzazi awezaye kumlea mtoto bila hatari yoyote. Tena safari ya namna hii ina mema yake: watoto huwaona wazazi wakifanya kazi bega kwa bega, na kila mmoja hujua kwamba mkono wake unahitajiwa.

Mimi naona kipimo cha kwanza ni hiki: ni nani aliyesema ndiyo, na je, angaliweza kusema hapana? Waume wengi husema, "Mama watoto alikubali." Alikubali vipi? Alinyamaza. Au alisema, "Haya, kama umekwisha amua." Hiyo siyo ndiyo. Ndiyo ya kweli ni ile ambayo, kama ingalikuwa hapana, ingalipokelewa bila kununa, bila kususia chakula, bila kutajiwa makosa ya miaka kumi iliyopita. Kuteremka kwa Anne kwatufundisha jambo. Familia ile ilikuwa na mlango wa kutokea, naye aliutumia. Katika nyumba isiyo na mlango huo, wanaobaki hatujui kama wamependa au wamefungwa.

Mtu ataniambia, "Nahodha wengi, jahazi huenda mrama." Ni kweli. Dhoruba ikivuma, mmoja na aamuru, wengine wavute kamba. Lakini methali hiyo ni ya jahazi lililo majini. Jahazi likiwa bado pwani hakuna nahodha. Kuna mume na mke wanaoshauriana. Walipooana waliahidi kuvumiliana taabu zikija. Hawakuahidiana kwamba mmoja ataziendea taabu na mwenziwe afuate tu.

Na watoto je? Mtoto mdogo husema ndiyo kwa kila anachokipenda baba yake. Kwa hiyo hapana yake imewekwa mikononi mwa wazazi, nao hapana budi waitunze. Mwezi Februari 2011 familia moja ya Denmark, baba, mama na watoto watatu, ilitekwa na maharamia wa Kisomali katika Bahari ya Hindi ikiwa katika mashua yake; iliachiliwa Septemba. Hata wazazi wawili wakipatana kabisa, bado yafaa mmoja wao aulize kwa niaba ya asiyeweza kuuliza.

Hapa Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakataza mali ya ndoa kuuzwa pasipo idhini ya wote wawili. Ni sheria njema. Lakini sheria huona sahihi tu; haiuoni mkono uliotetemeka ukiitia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, na wewe pia mama mwenye ndoto yako, kabla hujauza kitu, keti na mwenzako jioni moja watoto wakiwa wamelala. Usimwulize kama amekubali. Mwulize, "Ukikataa, waogopa nitafanya nini?" Kisha nyamaza, usikilize mpaka amalize.