Mwosha Huoshwa

Siku ya tatu ya mafunzo kila mmoja wetu alipewa dakika tatu. Tulikuwa wajasiriamali wa kijamii 18 kwenye hoteli moja Naivasha, mwaka wa 2023, na kilichotuleta kilikuwa kimoja: tunafanya kazi ya afya ya akili na vijana wa mitaa yetu, na hatuna pesa. Kuta zilijaa karatasi za rangi zenye maneno makubwa makubwa, dira, mbinu, athari. Mkufunzi wetu, mama mmoja mpole ambaye namheshimu hadi leo, alisimama mbele akatuambia: "Mfadhili hakumbuki takwimu. Anakumbuka mtu. Nipe mtu mmoja, nipe siku moja, nipe uchungu wake. Halafu niambie wewe ulifanya nini."

Mimi nikampa ndugu yangu mdogo.

Nilitaka kuandika hapa kwamba sikupanga, kwamba maneno yalinitoka tu. Si kweli. Nilipanga. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikaa kitandani na simu nikijipima kwa saa, nikikata sentensi hii, nikiongeza ile, mpaka hadithi ikaingia kwenye dakika mbili na sekunde hamsini. Nilieleza jinsi mdogo wangu alivyojaribu kujitoa uhai mwaka wa 2019. Jinsi tulivyomkimbiza hospitali kwa bodaboda, mama akiwa amemshika kwa nyuma. Jinsi askari alivyokuja kesho yake akasimama kando ya kitanda na daftari. Kisha nikaeleza jinsi nilivyogeuza kinyozi changu cha Kayole kuwa mahali pa vijana kuongea, kila Jumatatu, siku ambayo wateja ni wachache. Nikamaliza: "Leo ndugu yangu yuko hai kwa sababu mtu alimsikiliza."

Ukumbi ulinyamaza kimya. Dada mmoja alifuta machozi. Wiki sita baadaye tukapata shilingi 600,000.

Video ya hotuba ile iliwekwa mtandaoni. Mdogo wangu ni fundi wa magari. Mwenzake kule karakana alimwonyesha simu akamuuliza, "Si huyu ni bro wako?" Jumatatu iliyofuata alikuja kinyozi, akakaa kwenye benchi akingoja zamu yake kama mteja mwingine yeyote. Alipofika kwenye kiti nikamfunga kitambaa shingoni, nikawasha mashine. Akaniangalia kupitia kioo.

"Brathe, uliniuza pesa ngapi?"

Nikazima mashine. Nikamwambia sikutaja jina lake popote.

"Kwani una ndugu wangapi?"

Niko na mmoja tu.

Tangu siku hiyo nimebeba swali ambalo kwenye mafunzo hakuna aliyeliuliza, na nadhani kila mtu anayefanya kazi hii inabidi alijibu siku moja: uchungu wa mtu ni mali ya nani? Na je, nikiutumia kwa jambo jema, wema wa jambo hilo unanipa haki ya kuutumia?

Wacha kwanza nimtetee mkufunzi wetu, kwa sababu hoja yake ina uzito. Sisi tumelelewa katika kuficha. Hospitali ya Mathari iko Nairobi tangu 1910, na miaka yote hiyo jina lake limekuwa tusi: ukitaka kumkata mtu maneno unamwambia ametoka Mathare. Kijana akikosa usingizi mwezi mzima nyumbani wanasema ana mawazo. Akiacha kula, ana mawazo. Akizikwa, alikuwa na mawazo. Neno moja linatosha mpaka kaburini, na hakuna anayeuliza ni mawazo gani. Wahenga walishatuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka wa 2020 jopo lililoundwa na serikali kuchunguza afya ya akili lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa. Sasa nani atasikia kuhusu janga ambalo kila nyumba imelifungia chumbani? Lazima mtu aseme. Na ukweli mwingine ni huu: zile laki sita zililipa nauli za vijana, zikamlipa mshauri aliyekuja mara mbili kwa mwezi, zikanunua viti. Kuna kijana namjua ambaye sijui leo angekuwa wapi bila viti hivyo.

Kwa hivyo hesabu ya haraka inasema nilifanya vizuri. Mmoja aliaibika, thelathini wakasaidika. Nilimpa mdogo wangu hesabu hiyo siku ile ile, nimesimama nyuma yake na mashine mkononi. Akanijibu kwa utulivu ambao ulinitisha kuliko kelele: "Hiyo hesabu ni sawa. Lakini si wewe uliyelipa."

Halafu akaniambia jambo ambalo mimi, kiongozi niliyefunzwa siku tano, sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Wakati huo kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, sheria ya tangu enzi za mkoloni, kilisema hivyo, na mtu aliweza kufungwa hadi miaka 2. Ndiyo maana yule askari alikuja na daftari. Mama alimbembeleza mpaka akaondoka, na kwa miaka minne familia yetu ilishikilia maneno mamoja tu: kijana alikuwa mgonjwa. Kisha mimi nikasimama Naivasha, mbele ya kamera, nikasema kilichotokea, na mwaka, na uhusiano wetu. Nilikuwa nimeandikisha ile taarifa ambayo mama alimzuia askari asiiandike.

Hakuna aliyekuja kumkamata, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nilimpigia simu siku hiyo. Akasema, "Poa." Hakuna zaidi. Lakini mimi sipumziki kwa sababu ya bahati. Mtu akirusha jiwe sokoni likose vichwa vyote, bado alirusha jiwe.

Nilipoanza kutafuta namna ya kujitetea, nilikumbuka kisa kimoja tulichopewa kwenye mafunzo yale yale, cha daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda. Huyu ndiye aliyeanzisha Friendship Bench mjini Harare mwaka wa 2006, akianza na nyanya 14 wa mtaa wa Mbare. Wananyanya hao hufunzwa kusikiliza, kisha huketi kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na mtu mwenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Ni binamu wa yale mawazo yetu. Kazi hiyo imesifiwa duniani. Na Chibanda naye hueleza hadharani hadithi ya mtu mwingine: mgonjwa wake, msichana, aliyejiua kwa sababu hakuwa na nauli ya kufika hospitalini, dola 15 tu. Nikajiambia, si unaona? Hata yeye.

Ilinichukua muda kuona tofauti. Isikilize hadithi hiyo vizuri uone inamvua nani nguo. Inamvua daktari mwenyewe, na hospitali yake iliyokuwa ikingoja wagonjwa wajilete. Daktari anasema: niliketi ofisini, na mtu akafa kwa kukosa nauli ya kunifikia. Msichana yule hasimamishwi tumwonee huruma. Anayesimama mbele ya hukumu ni msimulizi. Na benchi lilitoka kwenye hukumu hiyo: kama hawawezi kutufikia, tuwafikie.

Yangu je? Yangu ilimvua mdogo wangu ikanivika mimi. Yeye alikuwa uchungu, mimi nilikuwa dawa. Na hapo ndipo ninapofika kwenye sehemu ambayo niliikata usiku ule wa kujipima kwa simu, si kwa sababu ya dakika tatu.

Siku ile ya 2019 mdogo wangu alinipigia simu mara tatu. Niliona jina lake kwenye skrini mara zote tatu. Nilikuwa nanyoa, na wiki hiyo alikuwa ameshaniomba pesa mara mbili, nikasema moyoni, huyu tena. Sikushika. Aliyemsikiliza ni mama, na baadaye nesi mmoja wa zamu ya usiku ambaye alivuta kiti akakaa naye mpaka alfajiri. Mimi nilifika saa nne asubuhi. "Leo yuko hai kwa sababu mtu alimsikiliza" ni kweli tupu. Niliacha tu ukumbi mzima uamini kwamba mtu huyo ni mimi.

Ningesimama Naivasha niseme, "Mimi ni kinyozi niliyeona simu ya ndugu yake mara tatu asishike, na ndiyo sababu kila Jumatatu nazima simu na kuwasikiliza vijana wa watu," hiyo ingekuwa hadithi yangu. Ingehitaji ruhusa yake bado, ndiyo, kwa sababu yeye yumo ndani. Lakini aliyekuwa uchi angekuwa mimi. Na sina uhakika kama ningepata zile pesa. Pengine ningepata. Sitajua, kwa sababu sikuthubutu.

Kiswahili kina msemo: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Anayeosha maiti huona kila kitu. Anaona kovu ambalo mke hakulijua, anaona ugonjwa uliofichwa, anaona umaskini wa nguo za ndani. Kisha anamfunika, anatoka nje, na akiulizwa anasema tu, tumemaliza. Hakuna aliyemsainisha karatasi. Kuaminiwa kuingia chumba kile ndiyo sharti lenyewe. Nadhani sisi tunaofanya kazi ya mioyo ya vijana ni waosha wa walio hai. Kijana akikaa kwenye kiti changu, kichwa kimeinama, anaongea na kioo kwa sababu ni rahisi kuliko kuniangalia. Nasikia mambo ambayo mama yake hayajui. Hakunipa ili niyapeleke Naivasha.

Utaniuliza, sasa tunyamaze wote, turudi kwenye kuficha? Hapana. Mwenye maradhi akiyaficha kifo humuumbua, lakini msemo huo unamwambia mgonjwa. Haukumpa jirani ruhusa ya kutangaza. Kuna kijana wa kundi letu ambaye anapenda kusimulia yake. Anasimama, anaichekea, anaiongeza chumvi, anaipunguza siku ambayo hana nguvu. Hadithi ikiwa mkononi mwa mwenyewe anaweza kuishusha akichoka. Ikiwa mkononi mwangu, itasimuliwa hata siku ambayo yeye anataka tu kuwa fundi wa magari.

Hata ruhusa, nimejifunza, si neno la mara moja. Unayemwomba ruhusa mara nyingi ni mtu unayemlipia nauli. Atakataaje? Kwa hivyo siku hizi tunafanya hivi: hatuombi hadithi ya mtu aliye bado ndani ya shida, anayekubali anaisikiliza kabla haijatoka, na akibadilisha mawazo, hata mwaka ukipita, inaondolewa bila kuulizwa kwa nini. Mfadhili mmoja alituambia masharti haya yanadhoofisha ombi letu. Alikuwa sahihi, hatukupata. Jumatatu zinaendelea na viti vile vile, mshauri anakuja mara moja kwa mwezi badala ya mbili. Hiyo ndiyo bei, na safari hii angalau naijua na nimeilipa mwenyewe, ingawa najua vijana wameilipa pamoja nami. Sijui kama hapo nimekosea tena. Kuna Jumatatu nakaa na swali hilo mpaka nafunga duka.

Video iliondolewa nilipoomba. Ilichukua miezi miwili.

Msemo wa mwosha una ndugu yake mfupi: mwosha huoshwa. Zamu yangu itafika, nitalala, na mtu ataona kila kitu. Mkufunzi wetu alitufundisha kwamba kiongozi ni yule anayeona mbele. Mimi ningeongeza kwamba aone na siku hiyo, ajiulize angependa mikono ya aina gani.

Na wewe msomaji, najua unachofikiria tangu aya ya pili: si umemsimulia tena, hapa hapa? Nimemsimulia. Kabla ya kuituma makala hii nilimpelekea kwenye simu. Alikaa nayo siku nne, nikaogopa kumuuliza. Siku ya tano akaja kinyozi nayo, akanionyesha alipotaka nikate. Zilikuwa sehemu mbili, na nimezikata zote. Kisha akaniuliza kama nina uhakika na ile sehemu ya simu tatu, kwa sababu mama ataisoma.

Nikamwambia hiyo ibaki.

Akakaa kwenye kiti. "Sawa. Nyoa basi."