Tunguu la Zamani Halijafa



Bwana wetu alipotaka kuwaondolea wanafunzi wake wasiwasi, aliwaelekeza kwenye maua ya kondeni (Mathayo 6:28). Basi nasi leo twende bustanini, tuliangalie ua moja, liitwalo krokosmia.

Ua hili ni la Afrika. Aina zake za asili ni nane hivi, nyingi za kusini mwa bara letu. Na ile ya dhahabu, yenye maua ya rangi ya chungwa yaliyofunguka kama nyota, huota hata katika misitu ya Tanzania. Maua makavu yakitiwa katika maji ya moto hunukia zafarani, na ndiyo asili ya jina lake kwa Kiyunani.

Yapata mwaka 1880, huko Nancy, Ufaransa, mtunza maua Victor Lemoine aliichanganya hiyo ya dhahabu na nyingine ya Afrika Kusini iotayo kando ya vijito. Tangu hapo zimepatikana nyingi za bustani: Solfatare, ya manjano, yenye majani ya rangi ya shaba, Emily McKenzie, ya chungwa, yenye madoa ya hudhurungi katikati, na kwa wazazi wengine, Lucifer, nyekundu kama moto, ipitayo urefu wa mita moja. Jina hilo lisitutishe. Kwa Kilatini maana yake ni mleta nuru.

Lakini fundisho kubwa limo udongoni. Kila mwaka tunguu jipya huota juu ya lile la zamani. La zamani hubaki chini, yakafuatana kama shanga katika uzi. Halina jani wala ua, nasi twadhani limekufa. Sisi wenyewe tuliwahi kuyatupa matunguu hayo katika shimo la takataka. Mvua ziliponyesha, yakachipua humo humo! Kumbe yalikuwa hai. Yalingoja tu kutengwa na kupewa mahali.

Ndugu, siku tulipoweka chaki chini na kustaafu, tulisema moyoni, “Kazi yetu imekwisha.” Wako wengi kanisani wanaosema hivyo, wakikaa viti vya nyuma. Tena ni kweli kwamba shina lililosongamana hutoa majani mengi na maua machache. Kila baada ya miaka mitatu hivi yafaa ligawanywe. Huenda Bwana anatuhamisha, wala hatutupi. Mmoja afundishe watoto wa kipaimara, mwingine awatembelee wagonjwa. Someni Zaburi ya 92, mstari wa 14, mwone ahadi waliyopewa wazee.

Basi kabla ya mvua, chimbueni, gaweni, mpelekeeni jirani tunguu la zamani. Na siku hiyo hiyo mkapige hodi kwa mzee mmoja, mkamwombe kazi, si kumpa pole tu.

Mungu awabariki. Amina.