Kumlinda Binti na Kumnyamazia

Wazazi wengi wa Dar es Salaam wameiona Kimara kuwa jibu la malezi. Walihama vyumba vya kupanga vya Magomeni na Manzese, wakanunua kiwanja mlimani kandokando ya Barabara ya Morogoro, wakajenga kidogo kidogo kwa miaka mingi, kisha wakazungusha ukuta na kupachika vipande vya chupa juu yake, wakasema: sasa binti atakua salama. Hofu iliyousimamisha ukuta ule si ya kuchekwa. Mji una hatari, na mzazi asiyemhofia mwanawe lolote ana upungufu katika mapenzi yake. Lakini je, aliyemlinda binti tu aweza kusemwa kuwa amemlea?

Swali hili liliulizwa kwa ukali na Euphrase Kezilahabi katika riwaya yake Rosa Mistika, iliyochapishwa mwaka 1971. Ukerewe, kisiwa anakozaliwa Rosa, ki mbali na Kimara, wala Rosa hakuzungukwa na ukuta wa matofali. Ukuta wake ulikuwa Zakaria, baba yake: mlevi, mkali, mwenye wivu na heshima ya nyumba ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeivunja. Barua moja ya kijana Charles ilitosha kumletea Rosa kipigo kikubwa. Msomaji na atazame somo lililofundishwa siku ile. Rosa hakuambiwa mapenzi ni nini, wala mvulana mwema hutambuliwaje, wala neno la kukataa husemwaje pasipo woga. Alifundishwa jambo moja tu, kwamba kutazamwa na mwanamume ni kosa, na kwamba kosa hilo ni lake.

Basi alipokwenda kusoma Mwanza, mbali na fimbo ya baba, alijikuta hana kipimo. Kipimo chake chote kilikuwa kimebaki mkononi mwa Zakaria. Sifa ya wanaume ikawa kioo alichojitazamia, na kila kioo kilipovunjika akatafuta kingine. Charles, aliyetaka kumwoa, alipotambua maisha aliyopitia alimwacha, Rosa akajiua.

Wako wasemao kwamba Rosa alikuwa na akili zake na alichagua. Ni kweli, na riwaya yenyewe haimfanyi malaika. Hata hivyo, uchaguzi wa mtu aliyezoeshwa kujiona mkosaji kabla ya kutenda lolote ni uchaguzi wenye kilema, na aliyeusababisha kilema huo hawezi kukaa kitini pa hakimu.

Huenda ikadhaniwa kwamba ubaya wote umo katika kufungia. Nchi hii ya Kimara ni Uzaramo, na Wazaramo nao walimfungia binti. Mwali aliyevunja ungo aliwekwa ndani muda mrefu, akapewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, akitunze kama mtoto; na wanawake wazima wakamfunda mambo ya mwili wake na ya maisha yaliyomngoja. Kisha akatolewa kwa ngoma, watu wote wakamtazama wakishangilia. Desturi ile ilikuwa na dhuluma yake, kwani wengi walitolewa ndani wakapelekwa kwa mume bila ya kuulizwa shauri. Lakini mwali hakufungiwa katika ukimya.

Binti wa Kimara ya leo hutoka nyumbani alfajiri na sare zake, akapanga foleni Kimara Mwisho kungoja mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016. Hutazamwa kituoni, hutazamwa ndani ya basi, hutazamwa shuleni, na usiku hujitazama mwenyewe katika simu, akilinganisha ngozi yake na ya wasichana asiowajua. Nyumbani mama huuliza alama za mtihani, baba huuliza saa. Maswali hayo ni ya haki. Lakini hakuna anayemfunda, maana somo na kungwi walibaki kule wazazi walikotoka, na mama mwenyewe huona haya kusema. Binti akahitimisha peke yake kwamba ana kasoro, naye hajui ni ipi.

Inafaa kukumbuka yaliyoifikia riwaya yenyewe. Ilipotoka, ilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ya mambo yaliyotajwa waziwazi ndani yake. Wakubwa wakafanya yale yale aliyoyafanya Zakaria alipoikuta barua. Baadaye ikaruhusiwa. Msichana aliyepata mimba naye aliondolewa shuleni kwa miongo mingi, mpaka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba aliyejifungua aweza kurudi darasani. Mlango umefunguliwa, na hilo ni jambo jema. Ila anayerudi hupita kati ya macho yale yale.

Jioni geti hugongwa. Baba hufungua, huuliza, “Mbona umechelewa?” Binti hujibu, “Shikamoo baba. Foleni.” Baba huitikia marahaba, hufunga geti, nao huingia ndani, kila mmoja chumbani kwake.