Laki Sita Aliyoikubali Bila Kuuliza

Muuguzi ninayetaka kuwasimulia habari zake ana shahada, leseni hai ya Baraza la Wauguzi na Wakunga, na uzoefu wa miaka minne katika hospitali ya misheni mkoani. Katika kumtafutia mtoto mchanga mshipa, mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba wenzake walimwita hata akiwa amemaliza zamu. Alipohamia Dar es Salaam kumfuata mumewe aliomba kazi katika hospitali binafsi, akaitwa kwenye usaili. Ameniruhusu kueleza yaliyomkuta ili wengine wasipite njia ile ile. Jina lake na la hospitali nayaacha.

Usaili ulikwenda vizuri. Aliulizwa hatua za kumhudumia mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua, akazitaja zote bila kukwama. Siku ya pili yake jioni afisa utumishi akampigia simu. Dada huyu alikuwa jikoni anamenya vitunguu, simu ameibana begani. Akaambiwa hongera, umepita. Kabla hajamaliza kushukuru, swali likaja: "Sasa dada, wewe unatarajia tukulipe kiasi gani?"

Hakuwa amejiandaa. Kule misheni alikuwa akipokea chini ya laki tano, na alihofu kwamba akitaja kubwa kazi itampita. Akasema, "Hata laki sita kwangu ni sawa." Upande wa pili hakukuwa na kusita hata kidogo. "Haya, laki sita. Njoo Jumatatu usaini."

Ishara ya kwanza ilikuwa hapo. Muuza vitenge wa Kariakoo akitaja bei, mteja akalipa bila hata kuguna, papo hapo anajua kwamba ametaja bei ya chini. Dada yetu naye aliona, na ameniambia kwamba moyo ulimwenda mbio kidogo. Lakini furaha ya kupata kazi ilifunika kila kitu. Nani kati yetu, akiwa ametafuta kazi kwa miezi, angekata simu ile na kuanza kujihoji?

Kuna jambo jingine linalotufunga midomo, na katika uuguzi lina nguvu kuliko penginepo. Tangu chuoni tumeambiwa kazi hii ni wito. Ni kweli, na Mungu atusaidie isije ikaacha kuwa wito. Lakini wito haulipi kodi ya nyumba Mbagala. Muuguzi anayeuliza mshahara wake umegawanywaje hajapungukiwa na huruma kwa mgonjwa. Anayekosa kuuliza kwa sababu ya haya ndiye atakayejikuta anakimbia na kibarua cha pili cha usiku kwenye zahanati ya jirani, kisha asubuhi anapima dawa macho yamemlemea. Hapo anayeumia ni mgonjwa. Waajiri wengine wanaijua haya yetu vizuri sana. Huyu wake, aliposikia swali dogo tu juu ya nauli za usiku, alimjibu kwamba hospitali ile inatafuta watu wenye moyo, si watu wa pesa. Maneno hayo yalipaswa kumshtua. Yeye yalimwaibisha, akanyamaza.

Jumatatu alipewa karatasi sita akiwa amesimama kaunta. Aliomba kwenda nazo nyumbani mumewe azisome, akajibiwa kwamba mkurugenzi anasafiri na anazihitaji zimesainiwa saa hiyo hiyo. Sijaona mkataba wa kazi unaoharibika kwa kulala nyumbani usiku mmoja. Ukiharakishwa namna hiyo, ndugu yangu, tulia, na uombe angalau dakika 20 ukae kwenye kiti usome. Anayekunyima hata hizo amekwisha kukueleza mengi juu ya mahali unapokwenda kufanya kazi.

Alipitisha macho haraka, akaona 600,000, akasaini. Hakuona, au aliona asitilie maanani, kwamba juu ya jumla hiyo kulikuwa na mistari mitatu: mshahara wa msingi 350,000, posho ya makazi 130,000, posho ya usafiri 120,000. Akitoka ukumbini, muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi alimsalimia na kumuuliza taratibu, "Na wewe wamekupa msingi gani?" Akajibu kwa furaha, "Laki sita." Yule mwenzake akamtazama, akasema tu, "Ukipata nafasi, isome tena." Ishara imekuja kwa mdomo wa mtu anayeishi ndani ya jambo lenyewe, na bado ilipita.

Mwisho wa mwezi ziliingia 516,000. Akadhani wamekosea. Hawakukosea. Laki sita ilikuwa kabla ya makato. NSSF ilichukua asilimia 10, yaani 60,000. Zilizobaki 540,000 zikatozwa kodi: 270,000 za kwanza hazina kodi, zinazofuata hadi 520,000 ni asilimia 8, na 20,000 za juu yake asilimia 20, jumla 24,000. Hesabu hii angeweza kuifanya kwa kalamu pale jikoni, kabla ya kutaja chochote. Na aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo aongeze marejesho yake hapo.

Makato yanauma, lakini yanajulikana na kila mtu anakatwa. Kilichomgharimu zaidi ni ule mgawanyo wa mistari mitatu. Naomba tukae hapa kidogo, maana wengi wetu hatufundishwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu malipo ya ziada kwa kutumia mshahara wa msingi, na posho hazimo. Wiki ya kawaida ni saa 45, ambazo kwa mwezi ni kama saa 195. Ukigawa 350,000 kwa 195 unapata kama shilingi 1,795 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, kwa hiyo yeye saa yake ya ziada ilikuwa 2,692. Kama zile laki sita zote zingekuwa msingi, saa hiyo hiyo ingekuwa 4,615. Kila alipoitwa kuziba pengo la mwenzake aliyeugua, alikuwa anaacha zaidi ya shilingi 1,900 kwa kila saa. Hata kiinua mgongo, ambacho kisheria si chini ya siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10, kinafuata mstari ule mdogo wa juu. Mwajiri anayekupa msingi mdogo na posho nene amekupa namba ya kuvutia kwenye simu, gharama yake akaipunguza kwenye hesabu za baadaye.

Iliyobaki ilikuwa ahadi. Siku ya kusaini aliambiwa, "Ukimaliza majaribio tunakupandisha mpaka laki nane." Miezi sita ilipokwisha akaenda kukumbusha. Afisa aliyeahidi alikuwa ameshaondoka. Aliyekuja akafungua faili, akamwonyesha kifungu cha mwisho cha mkataba: kwamba makubaliano yote yamo humo na hakuna mengine. Kifungu hicho alikisaini mwenyewe. Ahadi ya nyongeza ina thamani ikiwa imeandikwa kiasi na tarehe, hata kwa mstari mmoja chini ya barua, ukasainiwa na pande zote.

Kwa anayeingia hospitali ya serikali mambo ni tofauti, kwani ngazi za mishahara zimepangwa na mwajiriwa mpya hajadili chochote zaidi ya kuhakikisha amewekwa ngazi inayolingana na cheti chake. Kwenye binafsi unajadili, upende usipende, hata ukikaa kimya. Basi tujiandae. Waulize wauguzi wawili watatu wa hospitali za aina hiyo wanalipwaje. Ukipigiwa simu, huna lazima ya kutaja namba kwanza. Unaweza kusema kwa heshima zote: "Nashukuru sana. Naomba kujua nafasi hii mmeitengea kiasi gani, na msingi ni kiasi gani kabla ya posho." Kisha uliza zamu ni za saa ngapi, usiku unalipwaje, na bima ya afya inagusa familia au wewe peke yako. Mwisho omba waandike yote, na uombe muda wa kufikiri hadi kesho. Mwajiri mwema hachukii maswali hayo. Ninaowafahamu mimi huyapokea kama dalili kwamba mtu huyu atakuwa makini na chati za wagonjwa pia.

Dada yetu hatimaye alikwenda kwa afisa kazi na mkataba wake mkononi. Aliambiwa mambo mawili. Msingi wa 350,000 haufutiki, kwa kuwa aliukubali kwa saini na haukuvunja sheria. Usiku ni habari nyingine. Kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili alfajiri, sheria inataka aongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na hospitali haikuwa imelipa hata shilingi ikidai kwamba imo ndani ya posho. Haki hiyo saini yake haikuweza kuiondoa. Ilikuwa kama shilingi 900 kwa usiku wenye saa kumi. Si nyingi, lakini ni zake. Akashauriwa apeleke madai Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka, abebe na hati zake za mshahara na ratiba za zamu. Hati za mshahara alikuwa nazo. Ratiba zilikuwa zinabandikwa ukutani wodini na kubanduliwa kila mwezi unapokwisha, na hakuwa amepiga picha hata moja. Ikambidi awaombe wenzake, na yule wa wodi ya wazazi ndiye aliyekuwa nazo zote kwenye simu yake.